Jina la Kuka

Ziwani, Nairobi
11 Februari 2024

Ndugu yangu Nasambu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na cherehani yako. Huku Ziwani hatujambo. Maurine bado anafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo kule Baba Dogo, na akirudi asubuhi hulala kama gogo. Kwaya yetu kanisani imedhoofika sana. Waimbaji wa siku hizi huimba kwa pumzi ya mgonjwa, hata mtu aliyeketi safu ya tatu hapati neno. Nimemlalamikia mchungaji, naye akanitazama tu.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Simu hizi mpya zinanong'ona. Zaidi ya hayo, mambo ya jamaa ni heri yaandikwe, mtu apate kuyafikiria kabla ya kuyasema. Tuma barua zako kwa basi, nami nitazichukua katika ofisi yao ya mizigo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mjukuu wangu Nabiswa yuko kwako tangu shule zilipofunguliwa, nami sijapata habari yoyote zaidi ya kwamba yuko salama. Nilikubali asome katika shule hiyo ya viziwi iliyo jirani na kwako, na alale kwako, kwa sababu mama yake, Maurine, alilitaka sana jambo hilo. Lakini nilikubali kwa kujaribu, na kauli ya mwisho aliniachia mimi. Mtoto huyu nimemlea tangu homa ya uti wa mgongo ilipomtoa masikio akiwa bado ananyonya. Maurine akiwa kazini, mimi ndimi niliyeketi naye mezani mchana kutwa.

Tuna ishara zetu. Akigonga meza kwa vidole viwili, anataka uji. Akisukuma miwani ambayo hana juu ya pua yake, ananiita mimi, babu yake, Kuka wake. Nami nikisokota pindo la shati langu, namwita yeye, kwa kuwa alizoea kusokota pindo la gauni lake hadi nyuzi zikatoka. Hakuna mwingine aliyezijua ishara hizi, hata Maurine. Niambie kama umejifunza namna ya kumwita.

Kaka yako,
Zedekiah Masinde


Kimilili
9 Machi 2024

Kaka yangu Mwalimu,

Pole na kazi ya kupumzika. Sisi huku tunapalilia. Mvua imeanza mapema, na kuku mweusi uliyemsifu Krismasi ameliwa na mwewe. Mama Khavere wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, anauliza kama bado unawasahihisha watu wakikuambia habari ya asubuhi.

Nabiswa amenenepa. Kaka, sijui nianzie wapi. Juzi aliamka, akaketi kando ya cherehani yangu, akanisimulia ndoto. Ndoto nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na mbuzi aliyevaa viatu vya mamaye, na mto, na wewe ulikuwa ng'ambo umeshika bakora, ukikataa kuvuka kwa sababu daraja lilijengwa vibaya. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Mimi nami nasoma. Kila Jumamosi kuna darasa la jamaa za wanafunzi, linalofundishwa na Mwalimu Ndindi, mwanamke ambaye ni kiziwi mwenyewe na hana mzaha hata kidogo. Mngekutana wawili ninyi, ningelipa kiingilio.

Ishara zenu za mezani hazitumiki sana hapa. Wenzake darasani wamempa jina, na sasa kila mtu humwita hivyo, hata mimi: unaweka kidole kwenye pembe ya jicho na kukivuta upande, kama mtu anayetazama kwa chati, kisirisiri. Hii ni desturi yao. Jina la mkono hujitwalii mwenyewe, wala mtu mwenye masikio hampi mtu. Hupewa na viziwi, wakishakutazama na kukujua.

Ndugu yako,
Nasambu


Ziwani
24 Machi 2024

Ndugu Nasambu,

Barua yako nimeipata. Sisi ni wazima. Frankline, kijana wa mlango wa pili anayeniletea maziwa, amekuwa mvivu. Huyaacha mlangoni bila kubisha, na paka huyafikia kabla yangu. Nilipomkemea alisema, "Mwalimu, si hukuwa kwa nyumba? Nimebisha mpaka mkono ukauma." Nilikuwa ndani siku nzima. Vijana hawa husema uongo mtu akiwatazama usoni.

Kuhusu mtoto. Nabiswa ana jina. Nilimpa mimi, akiwa mikononi mwangu, kabla jua halijachomoza, na ni jina la marehemu mama yetu. Katika jamaa hii mimi ndiye ninayetoa majina. Nilimpa Maurine jina lake, nikawapa watoto wa marehemu ndugu yetu Wanyonyi majina yao. Leo kundi la watoto wa shule, ambao hawajui hata ukoo wao wenyewe, wanamwita kwa kumvutia kidole machoni, nawe unafuata.

Unasema alikusimulia ndoto. Miaka yote aliyokaa mezani kwangu sikuwahi kusimuliwa ndoto. Sikujua kama anaota. Ungaliweza kuniandikia jambo hilo kwa upole zaidi, badala ya kuliweka mbele yangu kama mtu anayekula nyama mbele ya mwenye njaa.

Lakini mimi si mtu wa kukaidi elimu. Ikiwa watu hapo huitwa kwa mkono, basi nimejichagulia jina. Kiganja cha kushoto kiwe wazi kama kitabu, na kidole cha kulia kisimame wima juu yake. Maana yake ni Mwalimu. Waonyeshe.

Nawe lako ni lipi? Hukuniambia.

Shule zikifungwa mwezi ujao, mtie Nabiswa katika basi la asubuhi pamoja na mtu unayemwamini. Nitakuwa kituoni.

Zedekiah Masinde


Kimilili
12 Mei 2024

Kaka,

Nashukuru Mungu kwamba maji hayakuingia nyumbani kwako. Tuliona kwenye televisheni mitaa ya Nairobi ikielea, watu wa Mukuru kwa Reuben wakibeba magodoro vichwani, tukakupigia simu siku nzima. Simu iliita, iliita. Mwishowe Maurine ndiye aliyetuambia kwamba uko salama, umeketi unasoma gazeti, na simu iko mezani mbele yako.

Unajua basi kwa nini Nabiswa hakuja. Barabara ilikuwa imekatika, na hata serikali ilisogeza mbele kufungua shule. Usiandike kwamba nilimficha. Najua ulikuwa umeanza kuiandika sentensi hiyo.

Jina ulilojichagulia nililionyesha. Darasa zima lilicheka hadi mmoja akaanguka kitini. Mwalimu Ndindi alisubiri wanyamaze mikono, kisha akaniambia, "Mwambie mzee wako aje kwanza. Hatumpi jina mtu wa kwenye barua."

Uliudhiwa na jina la mtoto. Sikutaka kukueleza, lakini wewe huachi kuuliza. Kabla ya kujibu neno lolote, Nabiswa hutazama kwanza kwa pembe ya jicho. Ndivyo alivyokuja. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba nyumbani alikuwa hajui unasema nini, basi alikuwa akikutazama hivyo aone kama umekasirika. Sasa anaacha polepole. Jina litabaki.

Mahindi yamefika magotini.

Nasambu


Ziwani
2 Juni 2024

Nasambu,

Sisi ni wazima.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Sikumlea mtoto kwa hofu. Nilimlea kwa uji, kwa mkono wangu, katika nyumba ambamo hapakuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Wewe umepewa mtoto aliyekwisha kukua, anayejifunga viatu mwenyewe, na shule ya kumtia maneno mikononi. Unavuna usipopanda, kisha unaniandikia kunionyesha makapi yangu.

Hukujaaliwa kuzaa, Nasambu. Sasa umepata mtoto wa kuazima, na umesahau kwamba cha kuazima hakisitiri mwili.

Nimeambiwa kwamba kuna darasa la viziwi katika shule moja ya msingi huku Eastlands. Ni dogo, lakini ni karibu. Siku ya wazazi mwezi wa Agosti nitakuja mwenyewe, na nitarudi naye. Mfungie nguo zake.

Zedekiah Masinde


Ziwani
7 Julai 2024

Ndugu Nasambu,

Nakusalimu tena. Nimekwenda ofisi ya mizigo zaidi ya mara moja, na msichana wa dirishani husema jambo fulani kupitia kioo, nami nikitaka alirudie hukunja uso na kutikisa kichwa. Naona maana yake ni kwamba hakuna barua. Huenda waliipoteza ile yangu ya Juni. Kama waliipoteza, si neno. Haikuwa na habari nyingi.

Hapa nyumbani pamekuwa kimya kuliko nilivyozoea. Jana niliweka vikombe viwili mezani.

Tafadhali niandikie kama mtoto hajambo.

Zedekiah


Kimilili
21 Julai 2024

Kaka,

Hatujambo. Haikupotea. Nimezipata zote mbili.

Lile neno la mtoto wa kuazima nimelisoma. Sitalijibu kwa kalamu.

Siku ya wazazi ni Ijumaa, tarehe mbili Agosti. Nguo zake zimefungwa. Sanduku liko karibu na mlango, na kila asubuhi Nabiswa hulizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua.

Njoo.

Nasambu


Kimilili
18 Agosti 2024

Kaka yangu,

Maurine ametuambia kwamba ulifika salama, kwamba hukula siku ile, na kwamba hutaki kuzungumzia safari. Basi nitazungumza mimi. Ulikuja kumchukua mtoto, ukapanda basi bila mtoto, bila kofia, bila kuaga. Kofia yako iko hapa. Uliondoka ukiamini kwamba Nabiswa alikudhihaki mbele ya shule nzima. Nilikukimbilia hadi barabarani nikikuita, nawe hukugeuka. Siku ile nilidhani hukutaka kugeuka.

Sasa soma polepole.

Asubuhi ulipofika nilikuwa langoni nimevaa ile kanga nyekundu. Nilikuita, "Kaka. Kaka Zedekiah." Ulinipita ukaenda zako. Nikafikiri, bado ana kinyongo, heri nimwache. Kisha bodaboda ikatokea nyuma yako ikipiga honi. Kila mtu aliruka isipokuwa wewe. Nabiswa ndiye aliyekimbia akakuvuta koti. Ulimkemea kwa kukuchafulia koti. Hukuiona bodaboda hadi ilipokupita.

Yeye alikuwa ameona. Kaka, watoto hawa huishi kwa macho. Wakati mimi na Mwalimu Ndindi tunakuonyesha mabweni, Nabiswa alikuwa nyuma yako. Alipiga makofi karibu na kisogo chako. Akapiga teke mlango wa bati. Akachukua sufuria jikoni na kijiko. Wapishi waliziba masikio, nawe ulikuwa umesimama wima, unasoma ratiba ya chakula ukutani na kusahihisha neno moja kwa kalamu yako.

Ndipo tukaingia darasani. Ulisimama mbele, ukaonyesha kile kitabu chako na kidole chako, ukatoka jasho, na hakuna aliyecheka safari hii. Nabiswa akainuka. Alisema kwa mikono, haraka sana, akikuonyesha wewe, akigusa sikio, akinionyesha hata mimi jinsi nilivyoita langoni. Nyuso zote zikakugeukia. Baadhi wakatabasamu, wakaanza kutikisa mikono hewani. Ukachukua bakora yako ukatoka.

Wale hawakuwa wakikucheka, Kaka. Kutikisa mikono hewani ndiko kupiga makofi kwao. Nabiswa alikuwa amewaambia, "Huyu ni Kuka wangu. Nilidhani ni mkali kwa sababu hatuelewani. Kumbe ni wetu, na hajui."

Ulipokwisha kuondoka walikupa jina. Mmoja alipendekeza bakora, mwingine kalamu ya kusahihisha. Nabiswa alikataa yote. Akasukuma miwani ambayo hana juu ya pua yake. Mwalimu Ndindi akatazama, akakubali, na sasa darasa zima linakujua hivyo. Ile ishara ya mezani kwako, uliyodhani nimeiua. Hata hapa kwangu, jioni, akisimama dirishani, huifanya peke yake. Sikukuandikia hilo, kwa kuwa na mimi ni mtu.

Uliniuliza mara moja jina langu ni lipi, nikakuandikia habari za mahindi. Sina. Nimesoma Jumamosi zote, nimewashonea sare, nimejua hata matusi yao, na bado huniita "nyanya wa yule anayetazama kwa chati". Wewe umekaa asubuhi moja, umekasirika, umeondoka na jina. Siku hiyo usiku sikuongea na Mungu vizuri.

Sanduku bado liko mlangoni. Kauli ni yako, kama ulivyosema. Lakini usinijibu kuhusu masikio. Najua hutaki. Nijibu kuhusu mtoto.

Nasambu


Ziwani
20 Oktoba 2024

Ndugu yangu mpendwa Nasambu,

Salamu nyingi kwako, kwa mtoto, na kwa Mama Khavere, ambaye umwambie kwamba bado nasahihisha. Maurine amepata zamu ya mchana, na sasa tunakula pamoja jioni. Frankline anaendelea kuleta maziwa. Nimemwomba radhi. Alisema jambo refu ambalo sikulipata lote, lakini alicheka, akanigonga ngumi yangu kwa ngumi yake, ambayo naelewa ndiyo adabu ya kizazi chake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijawa na jambo la kuandika.

Litoe sanduku mlangoni. Mtoto na amalize shule huko.

Nilipokuandikia maneno yale ya Juni nilikuwa na wivu. Ningali nao. Nikifikiri kwamba asubuhi anakusimulia ndoto, na mimi nipo huku na kikombe changu, moyo hunichoma. Sitakudanganya kwamba umepoa. Lakini nimeufikiria ule mto wa ndotoni, na mimi nikiwa ng'ambo nikilaumu daraja, nikaona mtoto alinijua vema.

Kila Jumamosi sasa naenda Baba Dogo, katika ukumbi wa kanisa lililo nyuma ya viwanda. Kuna darasa pale. Mwalimu wangu ni kijana kiziwi anayeitwa Sylvance, mfua vyuma, mwenye mikono minene kama mihogo, na ishara zake ni safi kuliko mwandiko wangu. Hana heshima kwa umri. Nikikosea hunipiga kwenye kifundo cha mkono, nami nakosea sana, kwa kuwa vidole vyangu vimekuwa vigumu. Siku ya kwanza aliniuliza mimi ni nani. Nikasukuma miwani yangu. Akaniuliza nimepewa na nani. Nikamweleza, kwa shida, kuhusu pembe ya jicho. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa cheti halali, akanielekeza kiti cha mbele.

Sasa kuhusu jina lako. Jambo hili limenisumbua kuliko nilivyotarajia. Si haki mtu asome mwaka mzima asipewe jina, hata kama mtu huyo ni wewe. Nilimwambia Sylvance kwamba katika jamaa yetu mimi ndiye ninayetoa majina, na kwamba nina jina nataka kumpa dada yangu. Alinikatalia palepale. Alisema kwamba mtu mwenye masikio hampi mtu jina, na kwamba desturi hiyo haivunjwi kwa ajili ya mzee yeyote.

Nikagusa sikio langu, kisha nikafunga mkono. Hakunikatalia tena. Alitaka tu kuliona jina lenyewe, nikamwonyesha, akasema linafaa.

Sitaliandika hapa. Jina la mkono halitumwi kwa basi. Uvumilie kidogo usilijue, kama nilivyovumilia mimi mengi mwaka huu.

Desemba mje wote wawili, na mniletee kofia yangu. Kitanda cha Nabiswa ni kilekile, na wewe utalala chumbani kwa Maurine. Mkifika msibishe mlango wala kuita. Fundi amenitilia swichi nje, karibu na bawaba; mkiibonyeza, taa ya ndani itawaka. Na hata umeme ukikatika msiwe na wasiwasi. Nimekihamisha kiti changu. Sasa kinautazama mlango.

Kaka yako,
Zedekiah